Miguu Ilikuwa ya Chuo

Kundi letu la WhatsApp, la Wakenya tuliowahi kukimbia katika vyuo vya Marekani, hulala karibu mwaka mzima. Mtu akifiwa linaamka, tunachanga, tunaandika pole, kisha linalala tena. Lakini ikifika Juni, wiki ya fainali za riadha za vyuo vya Marekani, hakuna wa kulala. Mbio zikianza jioni kule Hayward Field, Eugene, jimbo la Oregon, kwetu ni alfajiri ya siku inayofuata, na utamkuta mtu mzima mwenye watoto na mkopo wa benki amejifunika blanketi sebuleni, sauti ya simu ameishusha asiamshe nyumba, anahesabu mizunguko.

Juni 2025 tulikesha na haikuwa bure. Pamela Kosgei wa Chuo Kikuu cha New Mexico, mwaka wake wa kwanza tu chuoni, alishinda mita 10,000, kisha akarudi akashinda mita 5,000. Doris Lemngole wa Alabama alimaliza mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15, mwanamke wa kwanza wa chuo kushuka chini ya dakika 9. Tulipiga vigelegele vya maandishi mpaka jua likachomoza. Ndipo jamaa yetu anayeendesha trela huko Texas akaandika: "Sasa hawa watoto, baada ya hapa?"

Kundi likanyamaza. Halafu mmoja akajibu kwa mzaha, mwingine akatuma ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri, na kufikia saa tatu asubuhi mbio zenyewe zilikuwa zimesahaulika. Tulikuwa tunajizungumzia sisi. Nami tangu siku hiyo nimekuwa nikiyageuza yale majibu kichwani, hasa yale ya watu ambao hawakuwahi kufika kwenye televisheni.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni wa Marakwet. Nilikimbia mita 5,000 na 10,000, pamoja na mbio za nyika, katika chuo kimoja cha katikati ya Marekani ambacho sitakitaja. Sikuwa nyota. Nilipanda jukwaani kwenye mashindano ya ukanda wetu, nikafika fainali za taifa, nikamaliza katikati ya kundi, nikarudi bwenini kusoma anatomia. Leo nafundisha uuguzi katika mji mmoja wa Bonde la Ufa, na wanafunzi wangu wengi hawajui kwamba niliwahi kukimbia hata kulikimbilia basi.

Kabla ya yote, nieleze ufadhili wa masomo ulivyo, kwa sababu huku nyumbani watu huuzungumzia kama bahati iliyoanguka kutoka juu. Katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo, kwa miaka mingi timu ya riadha ya wanaume iliruhusiwa ufadhili 12.6. Ya wanawake, 18. Hiyo sehemu ya sita ya kumi si kosa la uchapaji. Kocha huigawa jumla yake vipande vipande: huyu apewe nusu, yule robo, wa kuruka juu apewe vitabu tu. Kutoka katika hiyo 12.6 ilibidi apate wakimbiaji wa mita 100, warusha kisahani, waruka upondo na sisi wa masafa marefu. Tofauti kati ya wavulana na wasichana ilitokana na mpira wao wa helmeti, ambao peke yake ulichukua nafasi 85, zote za wanaume, ilhali sheria ya mwaka 1972 inayoitwa Title IX inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Chuo kilipaswa kusawazisha mahali fulani, na mojawapo ya mahali hapo palikuwa riadha ya wanawake. Kwa hiyo mimi, binti wa mkulima wa viazi, nilisomeshwa kwa sehemu kwa sababu vijana wakubwa wa Marekani wanapenda kugongana vichwa Jumamosi. Siwadharau. Nawashukuru.

Barua yangu ilikuwa ya mwaka mmoja. Kila kiangazi ilihuishwa, au haikuhuishwa. Vyuo viliruhusiwa kutoa ahadi ya miaka mingi kuanzia 2012, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Kanuni zilisema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki. Kanuni za viza ya mwanafunzi nazo zilisema kazi ya ndani ya chuo isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Wengi wetu tulizijaza zote mbili, na katika hesabu hiyo hakuna safari za basi za usiku kucha, hakuna beseni la barafu, hakuna kufungwa bandeji, na hujafungua kitabu bado.

Upande wa pili wa mkataba ulikuwa nyumbani. Nauli yangu ilitoka kwenye harambee uwanjani mwa kanisa. Jogoo mmoja alinadiwa, aliyemnunua akamrudisha mezani, akanadiwa tena, akarudishwa tena, mpaka nikamwonea huruma. Mzee mmoja aliyekuwa hana hela alileta magunia mawili matupu yauzwe. Jina la kila aliyetoa liliandikwa kwenye daftari na kiasi chake, na daftari lile baba analo hadi leo. Nilipopanda ndege, miguu ilikuwa ya chuo, na mimi mwenyewe nilikuwa wa wale walioandikwa kwenye daftari.

Njia hii si mpya. Julius Sang na Robert Ouko, wawili kati ya wanne waliotuletea dhahabu ya 4x400 Munich mwaka 1972, walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina Central. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 katika michezo hiyohiyo, alisomea Eastern New Mexico, akaendelea mpaka akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Oregon, akarudi kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Halafu kuna Henry Rono. Akiwa mwanafunzi wa Washington State, mwaka 1978, kati ya tarehe 8 Aprili na 27 Juni, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000 kule Berkeley, viunzi na maji Seattle, mita 10,000 Vienna, mita 3,000 Oslo. Siku 81. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake, na sijui nani ataweza tena.

Wazee wa kwetu huwatumia hawa wawili, Boit na Rono, kuwaonya watoto. Wote wa Nandi, wote wa vyuo vya Marekani, wote waliikosa Montreal 1976 na Moscow 1980 kwa sababu serikali iligoma. Mmoja akawa profesa. Mwingine akazama kwenye pombe, akaishi katika makao ya wasio na nyumba, akabeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Albuquerque, na mambo hayo aliyasimulia mwenyewe bila kujificha. Somo, wasema wazee, ni kupenda vitabu.

Mimi somo hilo huwa linanikwaza. Boit alienda Munich kabla ya migomo. Rono aliyekuwa bora kuliko wote duniani hakuonja Olimpiki hata mara moja. Na kilele cha Rono kilimkuta bado yuko chini ya ratiba ya chuo, ratiba inayotaka pointi kila wikendi, iwe nyika, iwe ndani ya ukumbi, iwe uwanjani, kuanzia Septemba mpaka Juni. Mwaka 1981, akiwa tayari mlevi, aliivunja tena rekodi yake ya mita 5,000 huko Norway, dakika 13:06.20. Watu husimulia hiyo kama kioja cha kuchekesha. Mimi naisikia kama habari ya mwili uliokuwa bado unaitikia amri baada ya mwenyewe kuondoka. Alirejea nyumbani uzeeni na akafariki Februari 2024. Nilitamani siku moja kumsalimia tu, na kumwita mzee.

Watanzania nao wana hadithi yao, na ni tamu zaidi. Suleiman Nyambui alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ambako alishinda mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Nchi yake haikugoma mwaka 1980. Alitoka Moscow na fedha ya mita 5,000, na Filbert Bayi akatoka na fedha ya viunzi na maji, na mpaka sasa hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Nyambui akashinda Berlin Marathon 1987 na 1988, kisha akawa kocha na kiongozi wa chama cha riadha. Bayi akajenga shule zinazobeba jina lake. Walimu walibaki walimu, kama ninavyopenda kusema nikitaka kuwachokoza wenzangu kazini.

Lakini hao ni watu wa rekodi. Sisi wengine tulikuwa wa kujaza pointi. Mtu wa nafasi ya sita.

Nilipofika chuoni jina lililokuwa midomoni mwa kila msichana wa masafa marefu lilikuwa la Sally Kipyego. Yeye ni wa Kapsowar, alianzia chuo kidogo cha South Plains huko Texas, akahamia Texas Tech, akanyakua mataji 9 ya taifa huku akisomea uuguzi. London 2012 alipata fedha ya mita 10,000 kwa bendera ya Kenya, baadaye akawa raia wa Marekani. Ni kwa sababu yake niliandika "uuguzi" kwenye fomu. Kocha wangu hakufurahi. Uuguzi una mafunzo ya wodini, na wodi haiulizi kama una mbio Ijumaa. Alinishauri, kwa upole kabisa, nichukue kitu chepesi. Msaidizi wake alikuwa na orodha ya masomo mepesi, kaichapa.

Nilikataa, na hilo ndilo lililonipa mshahara ninaokula leo. Lakini siwezi kusema nilikuwa na akili kuliko wenzangu waliokubali. Nilikuwa mkaidi tu, na nilikuwa na dada mkubwa muuguzi aliyekuwa akinipigia simu kila Jumapili na kuniuliza: "Umesoma, au umekimbia tu?"

Sasa nije kwenye mwili, kwa sababu ndiko majibu mengi ya wasichana wa kundi letu yalikoelekea, na wavulana wakawa kimya kwa adabu.

Kila Jumatatu tulipimwa uzito. Hakuna aliyetukaripia, tarakimu iliandikwa tu, na kocha akaitazama kidogo zaidi ikiwa imepanda. Hiyo ilitosha. Katika ukumbi wa chakula kulikuwa na vyakula vya kila namna, mashine ya aiskrimu haikuzimwa, na sisi wasichana wa masafa marefu tulikaa meza moja na sahani za majani, kila mmoja akiitazama sahani ya jirani. Mimi niliyelelewa kwa ugali, managu na mursik nilijifunza kuuogopa mkate. Hedhi ilikatika mwaka wa pili. Nilimwambia mtaalamu wa timu, akasema ni kawaida kwa wakimbiaji, nikafurahi, kwa kuwa ilinipunguzia usumbufu safarini. Miezi kadhaa baadaye mfupa wa muundi ulipata ufa. Nikavishwa kiatu cha plastiki, nikakimbizwa ndani ya maji kwenye tangi lenye mkanda, na ufa ulipopona nikarudishwa kazini. Ufa mwingine ukatokea juu zaidi.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa maelezo ya pamoja kuhusu hali hii: mwanamichezo anayekula chini ya kile anachotumia, mwili wake huanza kufunga maduka. Unazima homoni, unapunguza ujenzi wa mifupa, unauchosha moyo, unashusha kinga. Na walisema wazi kwamba wanaume nao hupatwa. Nilisoma maelezo yale nikiwa tayari nimemaliza kukimbia. Nilikasirika siku mbili. Kisha nikayachapa na leo ni sehemu ya somo langu la lishe, kwa sababu wasichana wa aina yangu bado wapo, na si lazima wawe wakimbiaji.

Kuna jambo moja dogo ambalo hunichekesha hadi leo. Kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani tulitakiwa kujihesabia mapigo ya moyo na kuyaandika kwenye daftari la mazoezi. Yangu yalikuwa arobaini na kitu. Siku tulipokuwa tukijifunza mashine za wodini, mwanafunzi mwenzangu alinibandika nyaya, na mashine ikaanza kulia kengele ya hatari, kwa maana ilikuwa imetegwa ilie mapigo yakishuka chini ya 50. Mwalimu alikuja mbio, akanitazama, akatazama viatu vyangu, akazima kengele. "Huyu ni wa riadha," akasema, na somo likaendelea. Baada ya kuacha, mapigo yalipanda polepole, na niliendelea kuyahesabu kila asubuhi kwa muda mrefu pasipo mtu wa kumpelekea. Ikafika sabini. Niliogopa kana kwamba naumwa. Sikuwa naumwa. Huo ndio moyo wa watu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema tatizo la wanamichezo wastaafu ni kukosa umaarufu. Umaarufu upi? Nani alikuwa ananijua? Kinachokosekana ni mtu wa kukuambia Jumanne ufanye nini. Kwa miaka minne kuna anayepanga usingizi wako, chakula chako, kilomita zako, tiketi yako, hata nguo utakayovaa kwenye ndege. Msimu wa mwisho ukiisha, unakabidhi funguo za kabati, unasaini karatasi, na kesho yake mlango wa chumba cha mazoezi haukubali kadi yako. Hakuna aliyekosea. Kadi imeisha muda. Unarudishiwa miguu yako na hukumbuki ulikuwa unaitumiaje kabla hawajaiazima.

Niliyopitia baada ya hapo ni ya kawaida kwa Wakenya wengi kule: kibali cha kufanya kazi cha miezi 12, zamu za usiku nyumba ya wazee kuwageuza na kuwaosha, mchana kusomea mtihani wa leseni ya uuguzi. Wazee wale walinipenda. Mmoja, mkulima wa zamani, aliniuliza kila usiku kama naweza kuwashinda mbio mbwa wake. Nilinenepa. Nilipokuja likizo nyumbani shangazi alinishika mashavu yote mawili akasema, "Sasa umekuwa mtu!" na ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizopata tangu nizaliwe, na bado nilienda chooni nikalia.

Wenzangu walitawanyika. Huyu wa trela alikuwa na shahada ya biashara na anasema trela inalipa vizuri kuliko shahada. Hata hivyo alilipa mahari, akajenga, akasomesha wadogo zake wawili, na daftari lake la harambee, asema, limefungwa. Mwingine aliingia jeshi la Marekani kupitia mpango uliowapa wageni wenye lugha au ujuzi fulani njia ya haraka ya uraia. Njia hiyo wakimbiaji wengi wa kwetu waliijua. Paul Chelimo, aliyesoma na kukimbia Chuo Kikuu cha North Carolina tawi la Greensboro, aliipitia, akajifunza kazi ya kusafisha maji jeshini, na Rio 2016 akaipatia Marekani fedha ya mita 5,000, ingawa walimfutia matokeo, wakamjulisha akiwa katikati ya mahojiano ya televisheni, kisha wakamrudishia. Rafiki yetu wa kundi hakufika huko. Alikuwa fundi wa magari kambini, na amejaa fahari.

Wa tatu alirudi Iten, mji wa kambi za wakimbiaji, akiamini kwamba miaka minne ya chuo ilikuwa maandalizi tu, na sasa ndipo atakimbia kweli. Hili ni kosa la wengi na si la kijinga. Edward Cheserek, aliyekimbia akiwa Chuo Kikuu cha Oregon, ana mataji 17 ya taifa ya vyuo, mwanamume mwenye mengi kuliko wote katika historia, na hadi Paris 2024 hakuwa amekimbia Olimpiki hata moja. Ikiwa yeye mlango ulikuwa mwembamba, mtu wa nafasi ya sita atapitaje? Rafiki yetu alikaa kambini misimu kadhaa, akitoka alfajiri na vijana waliokuwa hawajawahi kupanda ndege na waliokuwa wakimwacha kwenye mlima wa kwanza. Jirani walikuwa wakimuuliza amerudi na nini. Leo ana duka la pembejeo na mashine ya kusaga, na anawafundisha watoto wa shule ya msingi jioni bila malipo. Aliandika kwenye kundi sentensi moja tu asubuhi ile: "Mimi nilipona siku niliyouza saa."

Alimaanisha saa ya mkononi ya kuhesabu kasi. Sikumuuliza zaidi.

Na wa nne hajibu. Jina lake bado limo kwenye kundi, alama za kusoma zinaonekana, basi. Tunajua yuko mji gani. Mmoja wetu humpitia kila Krismasi, anampelekea unga na majani ya chai ya Kericho, anakaa naye. Sitaandika zaidi kumhusu.

Siku hizi mambo yamebadilika kwa fedha. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu mwaka wa masomo 2025-26 vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya vinaweza kuwalipa moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka huo wa kwanza. Sehemu kubwa inaenda kwenye mpira wa helmeti na wa vikapu. Idadi za ufadhili nilizozitaja zimeondolewa katika vyuo hivyo, zikawekwa idadi za wachezaji. Lakini mtoto wa kwetu yupo kwa viza ya mwanafunzi, ambayo inambana sana kufanya kazi. Mwenzake wa Kimarekani anayemaliza nyuma yake anaweza kulipwa kwa kupiga picha na viatu. Yeye akipiga picha hiyohiyo kwa malipo akiwa kule anaweza kuhatarisha viza. Nikisikia watu wa Eldoret wakisema "sasa chuo Marekani ni pesa tu", natamani wasome masharti kwanza. Mawakala wanaowatafutia vijana nafasi hawana haraka ya kuyasoma kwa sauti.

Ndiyo maana mwaka huu, mzazi mmoja alipomleta binti yake nyumbani kwangu na barua kutoka chuo fulani, sikumpa hotuba. Msichana ana mbio, ana alama nzuri za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anataka kusomea uuguzi. Tuliketi mezani tukaandika maswali ya kumtumia kocha. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote? Nikiumia na nisiweze kukimbia tena, utaendelea? Kiangazi nitaishi wapi, na nani atalipa chakula? Mafunzo ya wodini yakigongana na mashindano, kipi kinatangulia? Na ikihitajika mwaka wa tano kumaliza shahada baada ya misimu minne ya mbio, chuo kitaulipia? Nikaongeza la sita kwa mkono wangu: je, mnapima wasichana uzito, na kwa ajili gani?

Baba yake alikuwa na wasiwasi. "Mwalimu, hatutamkasirisha mzungu?"

"Akikasirika kwa hayo, mzee, ni heri tujue sasa, kabla ya harambee."

Jibu lilikuja baada ya wiki moja. Ufadhili ni wa miaka minne, umeandikwa. Akiumia utaendelea. Kiangazi ajitegemee, au apate kazi ya chuoni. Wodi itapangwa pamoja na mratibu wa masomo, kitu ambacho si jibu kamili. Uzito hawapimi tena. Kuhusu mwaka wa tano kocha aliandika kwamba wakifika hapo watazungumza. Tulimwandikia tena, tukamwomba aliweke hilo kwenye barua. Alichukua siku kadhaa. Ameliweka, kwa nusu ya ada, ikiwa wastani wa alama zake hautashuka. Msichana anaondoka Agosti, harambee ni Jumamosi ijayo, na nimeshamwambia baba yake kwamba mimi sitanunua jogoo.